Upepeo Uliopiga Kofia ya Taligi

Bibi Masina mpendwa, naomba msaada wako kabla sijageuka jiwe, maana nimechoka, na mume wangu Lotomau amechoka, na hata nguruwe wetu nadhani wamechoka. Mimi ni mwanamke niliyeokoka, naimba kwaya sauti ya pili tangu niko msichana, lakini Mungu alinipa moyo usio na kifuniko, nikifurahi napiga kelele, nikihuzunika nalia mpaka kamasi, nikikasirika hata mbwa wanavuka barabara, na kilichoniponza ni Jumapili ya Watoto.

Binti yangu Pepe ana miaka saba, alipewa aya ya kusema mbele ya kanisa, ile fupi kuliko zote, ya Yesu kulia kwenye kaburi la rafiki yake, na wiki nzima tumeikariri tukikuna nazi, basi siku yenyewe akasimama na gauni lake jeupe akasema "Yesu..." halafu kimya, "Yesu..." kimya tena, akaangua kilio, na Taligi, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, anayeimba sauti ya kwanza ubavuni mwangu miaka yote hii, akacheka, tena si kicheko cha kuziba mdomo, ni cheko lile lake la kufukuza kuku, na Bibi, sijui nini kilinipanda, nilisimama nikarusha upepeo wangu wa kujipepea, ukapiga kofia yake, kofia ikaruka ikatua mapajani mwa shemasi aliyekuwa amesinzia, akazinduka akasema, "Amina!"

Baada ya ibada mke wa mchungaji akaniita pembeni. "Fuatino," akasema, "mtu mwenye Roho hana mihemko. Furaha yake ina kiasi, huzuni yake ina kiasi. Wewe bado mwili unakutawala." Nikaona aibu, nikaapa kuziua hisia zote, silii, sicheki, naimba kama mtu anayetaja bei za samaki, na kwa Taligi nikaona niende kwa adabu ya kwetu ya kuomba radhi, nikachukua mkeka wa heshima wa ukoo wa mume wangu, alfajiri nikapiga magoti mbele ya nyumba yake nikajifunika nao gubigubi, nisubiri atoke auinue, ndiyo ishara ya kusamehe.

Akatoka, nikasikia kandambili zake.

"Wewe mwanamke, unalia humo ndani?"

"Silii."

"Hata kidogo?"

"Roho amenipa kiasi."

"Basi kaa hapo na kiasi chako. Mtu haombi radhi na macho makavu kama mawe ya tanuri." Akarudi ndani kunywa chai, mkeka hakuugusa, jua likaniwakia mpaka Lotomau akaja kunichukua.

Sasa Taligi anahamia Nyuzilandi kwa wanawe, anaondoka kabla ya Krismasi, na hatusemeshani. Mmoja anasema hisia zangu zimezidi, mwingine anasema sina. Nirudi na mkeka? Nilie, nisilie? Na kweli Bibi, mtu mwenye moyo kama huu wangu, Mungu yumo humo ndani au alishahama zamani? Pepe naye amegoma kwenda kanisani.

Fuatino, kisiwani Savaii

*

Fuatino mwanangu,

Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka nikashika mbavu, mara ya pili nikalia, na bado ni mzee wa kanisa, hakuna aliyenifukuza.

Kwanza nikugombeze. Umerusha kitu kanisani, mbele ya watoto, siku yao, siku pekee sisi wakubwa tunapowapakulia wao kwanza. Huna haya! Wala usiusingizie moyo wako. Moyo haukurusha upepeo, mkono ndio uliorusha. Moyo ulikuwa unampenda Pepe, basi. Wewe unataka kuunyonga moyo kwa kosa la mkono. Siku nyingine ukipandwa, kalia mikono yako. Si bure Mungu alitupa sisi wanawake wa Savaii makalio mapana.

Na huo mkeka! Mtoto wewe, akili ulizisahau wapi? Mkeka ule ni wa damu. Mtu akiua, ndugu zake wanajifunika ili wasiuawe na wao. Wewe umeua kofia. Ulimpelekea rafiki yako desturi badala ya kujipeleka mwenyewe. Yeye alitaka kuuona uso wako, wewe ukaufunika. Hata mimi ningerudi ndani kunywa chai.

Mke wa mchungaji ni mwanamke mwema, na keki zake nazila, lakini hapo kapotea njia. Nani kamwambia Mungu anapenda watu waliopoa? Yesu alipindua meza za watu hekaluni. Hana, yule aliyekuwa tasa, aliomba kwa uchungu mpaka kuhani akadhani kalewa. Daudi alicheza mpaka nguo zikamsaliti. Petro, jogoo kawika tu, huyo analia. Tukiwatoa wote wenye mihemko kwenye Maandiko tutabaki na punda wa Balaamu, na hata yeye alilalamika.

Unauliza kama Mungu alihama. Hakuhama. Wewe ndiye uliyefunga madirisha, sasa unashangaa giza. Kila kinachokuchemka mpelekee yeye kwanza, kikiwa cha moto vile vile. Nenda shambani kwenye magimbi, mpigie kelele, mtaje aliyekuudhi kwa jina. Yeye havai kofia. Ukimaliza, ndipo urudi kwa watu. Na ukiona hasira inaanza kumwangukia mtoto, au huzuni inakataa kuondoka, nenda zahanati ukamweleze muuguzi. Mtu akivunjika mguu hatumwambii hana imani.

Pepe. Nisikilize vizuri hapa. Mtoto huyo hakusahau aya. Alisimama mbele ya kanisa zima akasema "Yesu," halafu akalia. Kilibaki nini? Aya yote ilikuwa pale mbele yenu, ninyi wakubwa wenye kofia ndio mliosahau maana yake. Mwambie hivyo leo hii, na umkumbatie mpaka alalamike.

Jumamosi pika majani ya magimbi kwa tui, tui zito, usibane nazi. Nenda kwa Taligi mchana kweupe, uso wazi, upepeo uuache nyumbani. Mwambie hivi: "Ulimcheka mwanangu, ikaniuma. Nikakurushia upepeo, nimekosa. Unaondoka, na sijui nitaimba na nani." Basi, nyamaza hapo. Machozi yakija, usiyazuie. Yasipokuja, usiyakamue. Akiangua lile cheko lake mwache acheke, mwakani utalitafuta hulipati. Naye ana deni la radhi kwa Pepe, lakini hilo akalilipe mwenyewe, wewe usimshike sikio.

Jumapili rudini kwaya wote wawili, na Pepe akae mbele awaone. Mtalia, nawajua. Lieni. Ila wewe ulie sauti ya pili, ya kwanza ni ya Taligi mpaka siku ya ndege.

Bibi Masina