Kishindo Gizani

4 Februari

Shangazi mpenzi,

Hujambo huko? Mgongo umetulia? Sisi wazima, ila mimi furaha hainipi usingizi. Mhariri amekubali kuchapa kitabu chetu cha picha, mradi sura ya mwisho imfikie kabla Aprili haijaisha. Humo shujaa wetu Kishindo anafika machimboni kuwaokoa wachimbaji waliokwama chini, anapaza ile sauti yake inayovunja mawe. Nimemwandikia hotuba ya ukurasa mzima!

Mwanao

11 Februari

Kasuku wangu,

Mgongo unalalamika, lakini nani anausikiliza? Hongera kwetu. Sasa tugombane. Umeandika, "Kishindo alikasirika, akakunja ngumi." Mimi nimemchora amekasirika, ngumi amekunja. Hapo mmoja wetu hana kazi. Na hotuba hiyo ikijaza ukurasa, shujaa wetu ataonekana nywele tu. Hasira niachie mimi. Wewe niambie nisichoweza kukichora: anaogopa nini?

Shangazi yako

20 Februari

Shangazi,

Salamu nyingi, japo nilinuna. Kisha nikaifuta hotuba yote. Anaogopa sauti yake mwenyewe. Akiipaza vibaya, atawaangushia mwamba haohao anaowaokoa. Umeniamsha. Anza kuchora.

Mwanao

17 Machi

Kasuku,

Natumaini mko salama. Usishtuke na mwandiko, naandika kwa kushoto. Nilikuwa nachora bango la duka la viatu, ngazi ikateleza. Mkono wa kulia umevunjika, nimefungwa plasta hadi kiwiko. Nikijaribu mstari kwa huu mwingine, unatetemeka kama mtu mwenye homa. Mtafute mchoraji mwingine, usiikose nafasi hii kwa ajili yangu. Sitakasirika. Haya, nitakasirika, lakini nitanyamaza.

Shangazi yako

25 Machi

Shangazi wangu,

Pole, pole sana. Unakula? Nani anakufulia?

Simpi mtu mwingine kazi yako. Nimebadilisha hadithi. Mwamba unaporomoka, unamfunika Kishindo pamoja na wachimbaji. Giza totoro. Nataka kurasa nyeusi tii, na kumwaga wino hata kwa kushoto unaweza. Humo ni maneno tu, meupe juu ya weusi: mmoja anakohoa, mwingine anamwita mkewe, Kishindo ananong'ona, hathubutu zaidi. Hapo nitakubeba mimi. Kisha anapaza sauti, mwanga unaingia, nami nafunga mdomo. Watu wanatoka vumbini wakipepesuka. Huo mstari wako unaotetemeka ndio ninaoutaka.

Mhariri kaniuliza, "Kurasa nyeusi? Mmeishiwa picha?" Nimemwambia angoje aone. Chora, Shangazi.

Mwanao

9 Juni

Kasuku wangu,

Ni mzima, plasta imetoka, vidole bado vizito. Ule ukurasa wa watu kutoka niliuchana mara nyingi mpaka sakafu haikuonekana. Nililia, nikachora tena.

Jana nilikuwa kwa msusi. Mama mmoja kwenye kiti cha pili alikuwa amenunua kitabu chetu, hanijui. Akafika kwenye weusi. Akausogeza ukurasa usoni, midomo ikicheza, anasoma kwa mnong'ono. Msusi akamvuta nywele. "Subiri!" akamwambia. "Wamo ndani humu." Akafunua polepole, kama anayeogopa kuangusha kitu.

Kisha akaruka, chanuo likining'inia kichwani, akapiga kelele saluni nzima ikageuka:

"Wametoka!"

Shangazi yako