Mgombea Aliyebisha Hodi Kwake

Wifi yangu Borghild,

Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu majira ya baridi. Ngano imechipua vizuri, na paa la kanisa limekwisha kutengenezwa.

Kaka yako anagombea tena. Kwa zaidi ya miaka thelathini wilaya yetu haijamtuma mtu mwingine kwenye Bunge la Dakota Kaskazini, kwa kuwa kila uchaguzi yeye hupita nyumba kwa nyumba. Jumamosi alitoka na vipeperushi vyake. Jioni nikasikia hodi. Nilipofungua mlango, alivua kofia.

"Habari za jioni, mama. Mimi ni Orville Tveit. Naomba kura yako."

Nilicheka. "Acha mzaha, mzee, supu inapoa!"

Yeye hakucheka. "Mumeo yupo? Ningependa kumsalimu pia."

Nilimwambia kwamba atarudi sasa hivi, nikamkaribisha mezani.

Daktari wake anataka jina lake liondolewe kwenye orodha ya wagombea. Mwenyekiti wa chama ananisihi ninyamaze: "Shemeji, bila Orville kiti tumekipoteza!" Naye Orville, akili inapomrudia, huniambia, "Ukinitoa bungeni, Solveig, umenizika."

Jina linaweza kuondolewa hadi Ijumaa. Nikishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Wifi yako,
Solveig