Chumvi ya Mama

6 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje huko kwa kaka? Sisi wazima, na duka limechangamka. Jibini ya mbuzi imepata wenyewe; hata yule mteja tunayemwita Bwana Nitafikiria amenunua bila kufikiria.

Mama, nina neno, nimelizungusha mdomoni wiki nzima. Chupa za achari ya limau ulizotuma zimezidi chumvi. Si kidogo. Mwalimu wa muziki, mteja wetu tangu duka lilipokuwa meza moja barazani kwa babu, alionja akaomba maji. Nimeziondoa rafuni. Najua achari hiyo ndiyo iliyolijenga duka hili, ndiyo maana siwezi kuiuza hivyo. Usinikasirikie.

Mwanao, kitindamimba

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujambo, moyo ndio umeumia. Achari hiyo naitia chumvi kwa mkono huu tangu hujazaliwa, leo wewe uniambie imezidi? Mwambie mwalimu akapimwe ulimi. Na chupa zangu zirudishe rafuni.

Mama yako

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Nakupenda sana, na sizirudishi.

Mwanao

2 Juni

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Wateja hawajambo? Nimekaa kimya kwa sababu nilinuna. Watu wa hapa walikuwa wakiisifu achari yangu kila mlo, hadi juzi nikamfuma kaka yako, na ushujaa wake wote, akiimwaga kwenye sinki. Nikambana. Akakiri kwamba wote walikuwa wakiogopa kuniambia. Daktari anasema tangu ile homa kali iliyonilaza kabla sijatengeneza chupa zile, ulimi wangu haupati ladha sawasawa, na huenda ukabaki hivyo. Nililia, sikufichi.

Kisha nikamkumbuka babu yako. Siku moja alinikabidhi kijiko cha kuonjea, akahamia kwenye kiti cha mlangoni kusalimia wateja. Mimi nikadhani amekuwa mvivu. Kumbe mwenzangu alikuwa ameshajijua kwamba ulimi umechoka.

Ni wewe peke yako uliyeniambia ukweli, tena ukakataa nilipokufokea. Duka linamtaka mtu wa namna hiyo. Basi kijiko ni chako sasa, na chumvi ni yako. Nakuja Jumamosi. Mimi nitakata malimau na kupiga soga na wateja, wewe utaonja. Ukisema imezidi, nitanyamaza.

Nitajaribu kunyamaza.

Mama yako