Barafu Iliyopandwa Kimya

Peshawar, 9 Septemba

Baba mpenzi,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itawakuta wazima, wewe na Bibi, na kwamba goti lako limepoa. Mimi sijambo, ila joto la huku na pilipili zao vinanitesa. Naota chai yetu ya chumvi hata nikiwa darasani.

Baba, nina ombi. Mwalimu wangu wa jiolojia amekubali nifanye utafiti wa barafu ya kupandwa, ile mnayoifukia pangoni ili ikue na kutupa maji. Mwanzo alinicheka: "Eti kwenu mnaozesha barafu?" Nikamjibu ndiyo, dume na jike, na mahari hatulipi. Sasa yeye ndiye anayenihimiza. Tatizo ni kwamba barafu zote za kwetu zilipandwa zamani na hakuna aliyezipima tangu siku ya kwanza. Nataka moja mpya. Mfereji wetu nao unakauka kila kiangazi, kwa hiyo si kwa faida yangu peke yangu.

Zungumza na wazee. Na mila ifuatwe yote, hasa ule mwiko wa kutosema njiani. Mkivunja kimoja na barafu ikafa, sitajua imekufa kwa nini, na kazi yangu itakuwa bure.

Mwanao,
Sughra

Skorthang, 2 Oktoba

Mwanangu Sughra,

Wa alaikumu salaam. Barua imefika pamoja na vipimajoto, havikuvunjika. Goti langu ni zee kama mwenyewe. Bibi yako anauliza kama unavaa soksi. Mwambie unavaa, hata kama huvai.

Wazee wamekubali. Tulibishana mpaka birika la pili likaisha, ndipo Ami yako Khadim akainuka: "Mtoto wetu anataka kuandika habari za barafu. Nyinyi mnataka aandike za nini, maharage?" Wakacheka, na maneno yakaisha. Jike tutalitoa juu ya malisho, ile barafu nyeupe. Dume tutalifuata ng'ambo ya mto, lile jeusi lililojaa mawe. Tutakuwa watu wanane, matenga mgongoni, na tenga haligusi ardhi mpaka pangoni. Tangu barafu inapoinuliwa hadi inapofunikwa kwa makaa na makapi, hakuna kunena.

Kichekesho ni huyo Khadim, mtu anayesema hata usingizini. Mkewe Zohra ameapa kwamba akirudi bila kuvunja mwiko atamchinjia mbuzi. Khadim akamwambia, "Noa kisu kabisa, mke wangu. Nitajaza mdomo aprikoti kavu." Tumekua pamoja na sijawahi kumwona amenyamaza ila kwenye swala, na hata huko nina shaka.

Nimewaambia wote kuwa hii ni kazi yako. Hatutakuharibia.

Baba yako

Peshawar, 20 Desemba

Baba mpenzi,

Salaam nyingi. Hamjambo huko? Nimengoja barua tangu mwezi jana. Najua theluji imefunga njia, lakini Kaka alinipigia kutoka Skardu akasema, "Barafu imepandwa," na simu ikakatika. Nilipompigia tena hakupokea.

Nimefurahi mno, Baba. Mwalimu anauliza vipimo vya kwanza kila tukikutana. Je, mwiko mliutimiza? Na Ami Khadim alimla mbuzi wake? Nisalimie, na umwambie aniachie japo mguu.

Mwanao,
Sughra

Skorthang, 11 Februari

Mwanangu,

Salaam. Bibi yako mzima. Barua zako nilizipata, nikazikunja, nikashindwa kujibu. Kaka yako nilimkataza kukuambia kwa simu.

Khadim amefariki. Ilikuwa siku ileile ya kupanda.

Wenzetu sita walikuwa wameshapita kona. Mimi na Khadim tulikuwa nyuma, tunavuka korongo la mawe malegevu, yeye mbele. Jua lilikuwa limelegeza ardhi. Nikaliona jiwe linaachana na mlima juu yake. Sughra, nililiona mapema. Nilifungua mdomo. Nikakumbuka barafu, nikakumbuka barua yako, nikagonga fimbo yangu kwenye mwamba badala ya kumwita. Akageuka kunitazama mimi. Alidhani namtania, mashavu yake yamevimba kwa zile aprikoti, macho yanacheka. Hakutazama juu.

Nilipomfikia alikuwa amekwisha kata roho. Wenzetu walirudi. Wawili wakamteremsha, sisi tukachukua barafu yao na ya tenga lake, lililobaki mgongoni mwake bila kugusa ardhi, tukaendelea hadi pangoni, kwa sababu hatukujua la kufanya lingine. Hakuna aliyelia kwa sauti mpaka kifuniko kilipokamilika. Ndivyo tulivyotimiza mwiko wako.

Vipimajoto niliviweka ulivyoelekeza.

Baba yako

Peshawar, 6 Machi

Baba yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Nimelia mpaka wenzangu wa chumbani wakamwita mlezi wa bweni.

Usijibebeshe peke yako. Neno lile la mwiko nililiandika mimi. Nimesomea mawe miaka mitatu, nikakuagizia kila kitu isipokuwa kukuuliza mtapita njia ipi. Nimemwambia mwalimu naacha utafiti. Nikija nitakwenda kwa Mama Zohra nimweleze yote, kwamba ulinyamaza kwa ajili yangu. Ana haki ya kuujua ukweli.

Mwanao mwenye majuto,
Sughra

Skorthang, 14 Aprili

Mwanangu Sughra,

Salaam. Bibi yako mzima, maua ya aprikoti yametoka. Usiache utafiti. Barafu imeshika, vipimo vimo ndani ya bahasha hii. Ukiuacha sasa, Khadim atakuwa amekufa bure kabisa.

Lakini kwa Zohra usiende na maneno yale. Alikuja juzi, akaketi jikoni, akakataa chai. Akaniambia, "Shemeji, wewe ulikuwa nyuma yake. Ulimwita?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo majira yote ya baridi, na ukweli nilikuwa nao mdomoni. Nikamtazama usoni. Nikasema, "Nilimwita."

"Kwa jina?"

"Kwa jina. Upepo ulikuwa mkali, hakusikia."

Akalia sana, kisha akanishika mkono akanishukuru. Akasema angalau mumewe hakuachwa afe kama mbuzi wa porini. Akatoka, na kufikia jioni kijiji kizima kilijua kuwa mimi ndiye niliyevunja mwiko. Wazee wamekasirika, wanasema kiangazi kikija kikavu ni kwa sababu yangu. Waache waseme. Nimestahili zaidi ya hayo.

Sasa najua mwalimu wako atauliza kama njiani kulikuwa kimya, na najua umefundishwa kutoandika uongo. Vipimo viandike vyote kama vilivyo. Lakini andiko lako litasomwa hapa kwetu, Kaka yako atamsomea Zohra neno kwa neno, maana mwenyewe amekwisha kumwomba.

Andika kwamba nilimwita.

Baba yako