Jina la Agustino

Dongobesh, 6 Machi 2006

Mwanangu Nicodemo,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Kifua kimeachia? Sisi wazima, ila mvua imechelewa, maharage yamedumaa.

Mwanangu, nina hofu. Bernadina, mama yake Agustino mliyesoma naye, hanisalimii tena kanisani. Anasema umemwibia mwanawe kazi ya kompyuta. Nikamwambia, “Mama Agustino, wangu hajaiba hata yai!” Akanicheka mbele ya watu. Niandikie nimnyamazishe. Andika maneno mepesi, unajua niliishia darasa la nne.

Mama yako

Arusha, 19 Machi 2006

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, usihangaike.

Agustino alitengeneza programu ya kutunza kadi za wagonjwa, akaigawa bure kwenye mtandao. Leseni yake inaruhusu yeyote aichukue na kuirekebisha. Ila ukiwapa wengine, uwape pamoja na maandishi yake ya ndani yanayoiendesha, wazi, na jina la Agustino libaki. Mimi nimeongeza mengi, Mama. Bosi akasema tuifunge, tufute jina, tuziuzie hospitali kama yetu. Nikafuta. Huku wote wanafanya hivyo. Kitu cha bure kinaibiwaje? Mwambie hivyo.

Mwanao, Nicodemo

Dongobesh, 8 Aprili 2006

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Barua yako niliipeleka kwenye kikao cha wazee, najidai kabisa. Mzee Hhando akaisoma kwa sauti. Alipofika “nikafuta” akaishusha barua, akaniangalia.

“Efrazia, yule ng’ombe wa Sulle unayemtunza, maziwa anakunywa nani?”

“Mimi, mzee. Bure.”

“Na ndama?”

“Wa Sulle. Nani asiyejua?”

Ndipo nikaelewa nilichosema. Bernadina hakucheka. Afadhali angecheka, alilia.

Agustino ameiomba barua ampelekee wakili. Nimempa. Ningeificha wapi, na kijiji kizima kimeshaisikia? Nakuomba, rudisha jina lake kabla hamjafika mahakamani.

Mama yako

Arusha, 2 Juni 2006

Mama,

Shikamoo. Wakili ameweka barua yangu mezani kwa bosi. Kampuni imesema nilifuta peke yangu, haikujua lolote. Nimefukuzwa. Mama wa wenzangu wanawaficha watoto wao, wewe umeisomesha barua yangu hadharani. Usiniandikie tena.

Nicodemo

Dongobesh, 20 Agosti 2006

Nicodemo,

Hujambo? Unakula? Hii ni barua ya tatu tangu Juni, na zile mbili hukujibu. Kwenye barua yako ya mwisho uliweka jina tupu, bila “mwanao”, kama unamwandikia mtendaji wa kata. Sawa. Lakini sikukutuma ufute, na sikumdanganya mzee Hhando.

Jana Agustino alikuja, akanipa shikamoo, akakaa. Anasema kampuni imekubali, jina lake limerudi na programu iko wazi tena. Nikamuuliza, “Na ile kazi aliyoongeza Nicodemo?”

“Ni yake, mama. Jina lake nimeliandika chini ya langu. Leseni inataka hivyo.”

Nikamwekea chai, akanywa, mimi nikashindwa.

Anasema Mbulu mjini kuna kompyuta anayoweza kunionyesha. Jumatano nitakwenda kuliangalia hilo jina, maana wewe mwenyewe sijui nitakuona lini.

Mama yako