Sala ya Kuwafungulia Wageni

Kwako dada Gesare,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Magoti ya mama yanaendeleaje na hii baridi? Huku tu wazima, hata ng'ombe wa jirani aliyemaliza sukuma wiki yangu ni mzima kabisa.

Dada, tulitembelewa na wanunuzi wa majani chai kutoka ng'ambo. Walikuja kuona kama sisi wachunaji tunatendewa haki, ndipo wabandike alama ya haki kwenye pakiti. Kabla hawajafika, meneja Kiarie alituonya kwamba tukiulizwa, tuseme tuko sawa tu. Ile mashine ya kuchuna, ambayo mwezi ujao ingetutoa kazini na kwenye nyumba za kambi, akaificha chini ya turubai. Mimi akaniambia nifungue mkutano kwa maombi, eti kwa sababu ni mtu mpole.

Nikafumba macho. Nikashukuru kwa mvua, na kwa wageni kuvuka bahari salama. Kisha nikamwambia Mungu kwamba yeye huona yaliyofichika, hata yaliyo chini ya turubai, nyuma ya stoo, mkono wa kushoto ukipita choo. Nikamkumbusha kwamba hiyo mashine haina mtoto wa kupeleka shule. Shirley wa ofisini alikuwa akiwatafsiria wageni neno kwa neno. Angerukaje maneno ya sala?

Kiarie akasema Amina kwa nguvu ili nikome. Bilhah na wachunaji wengine wakadhani amebarikiwa, wakaitikia Amina kwa nguvu zaidi. Akarudia, wakapiga makofi. Na nani huku kwetu hukatiza mtu akiwa kwa maombi?

Tulipomaliza, mama mmoja kati ya wale wageni akauliza choo kiko wapi. Kumbe haja yake ilikuwa turubai.

Alama haijabandikwa. Wageni wamesema mashine ingoje, kwanza tukae meza moja na meneja, Jumanne. Mimi nimechaguliwa kusema.

Kanisani wanasema Roho alinishukia. Dada, nakuungamia wewe peke yako: hayo maneno niliyafanyia mazoezi wiki nzima nikichuna. Tena katikati ya sala nilifungua jicho moja nione kama Shirley anatafsiri. Nikamkuta Kiarie amefungua yake yote mawili, ananitazama. Kama ni dhambi, tuko wawili, na hakuna wa kumshtaki mwenzake.

Nisalimie mama na shemeji Osoro. Jumanne mniombee sana, maana Kiarie amesema siku hiyo maombi atafungua yeye mwenyewe. Mimi nitafumba jicho moja tu.

Ndimi mdogo wako katika Bwana,
Bochaberi