Gari Lililokatazwa Kuvuka Nakonde

S.L.P. 23,
Tunduma,
Mbozi.
14 Novemba, 1971.

Mpendwa mdogo wangu Fanueli,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, za asubuhi na za jioni zote pamoja, maana sijui barua hii itakufikia saa ngapi huko Kitwe. U hali gani? Wifi yangu Jenista hajambo? Yule mdogo ameacha kukohoa? Sisi hapa tu wazima, Mungu anatutunza. Mume wangu Osea hajambo, watoto wanasoma. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo uko palepale, bado anatuamrisha wote.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nikakasirika zaidi. Umeniuliza kama ni kweli nilimshusha marehemu Shangazi Leah kwenye gari pale mpakani, akafikishwa kwake mabegani mwa watu. Halafu chini, kama mtu aliyekumbuka tu, umeniuliza kama na wewe uchukue gari kwa mkataba kama wetu. Nitakujibu yote mawili kwa pamoja, maana huwezi kulielewa moja bila jingine.

Lakini kwanza acha nijisifu, nimesubiri miaka miwili. Gari ni letu! Ile Pijo ya kijivu, yenye bodi la nyuma la mbao, ni yetu tangu tarehe mbili Oktoba. Wanawake wangapi wa hapa Tunduma unawajua wenye gari? Usihangaike kuhesabu.

Unakumbuka barabara kuu ilipoanza kuchimbwa. Kambi ya wajenzi pale Mpemba ilitaka maharage, kabichi na viazi kila siku iendayo kwa Mungu. Mimi mzigo naufuata Ikinga, tena kwa lori la watu. Mwenye lori akiamua kulala huko kwa sababu ya mvua, kabichi zangu zinaoza na yeye hana habari. Kama tungengoja tupate bei nzima ya gari, barabara ingekwisha, wajenzi wangeondoka, na mimi ningebaki na fedha zangu mkononi sina wa kumwuzia. Ndiyo maana tulikwenda Mbeya kwenye ile kampuni.

Mkataba wao uko hivi. Unatoa fungu la mwanzo, unaondoka na gari siku hiyohiyo. Kila mwezi unapeleka kodi. Miaka miwili ikiisha unaongeza fungu la mwisho, ndipo linakuwa lako. Mpaka siku hiyo wewe ni mpangaji tu, kama mpangaji wa chumba. Kadi ya gari inakaa kwao. Tairi likipasuka ni lako, springi ikivunjika ni yako, bima unalipa wewe, ila gari si lako! Nilimwuliza karani, bwana, sasa ninyi chenu ni nini? Akasema chao ni kuja kulichukua tukishindwa kulipa. Angalau hakunidanganya.

Siku ya kutia sahihi karani akatusomea masharti moja moja. La saba lilisema gari lisitoke nje ya Tanzania. Osea akacheka. Akasema, "Sisi nje tukafanye nini, bwana? Hata Dar es Salaam hatujafika." Nami nikacheka, tukatia sahihi.

Fanueli, hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba Nakonde iko Zambia! Wewe unatujua. Kwetu Nakonde ni kwa Shangazi. Ni kwenda kuomba chumvi na kurudi kabla mboga haijaungua. Nani hapa ameshawahi kusema anakwenda nje ya nchi kumbe anakwenda kwa shangazi yake? Mwezi wa pili tu Osea akavusha magunia ya mahindi ya Shangazi, kupeleka na kurudi, hata chai haikupoa. Wiki iliyofuata, sijui nani aliwapelekea habari, ikaja barua ya kampuni: tukirudia, gari linachukuliwa, na tulivyokwisha kulipa vimepotea. Tangu hapo Osea akifika karibu na geti la mpaka alikuwa anaendesha kama mtu anayepita kwenye mayai.

Sasa sikia habari ya msiba, kutoka kwangu mimi niliyekuwepo.

Mwezi wa Julai Shangazi alizidiwa. Wanawe wakamvusha kwa baiskeli, sisi tukampokea upande wetu, tukampeleka hospitali Mbozi kwa gari hilohilo. Alikaa siku tisa, akafariki. Ilibidi arudishwe kwake Nakonde akazikwe kando ya mumewe. Tukaweka jeneza nyuma, Zebedayo mwanawe akakaa nalo pamoja na ndugu wengine, mimi na Osea mbele. Tulikuwa tumebakiza malipo matatu. Matatu tu, mdogo wangu, kati ya ishirini na manne.

Tulipolikaribia geti Osea akapunguza mwendo, akanitazama. Mkono wake ulikuwa kwenye gia. Alikuwa tayari kuvuka, nilimwona. Nikasema, "Simama." Akasema, "Mama Boazi, ni msiba." Nikasema, "Najua ni msiba. Simama."

Zebedayo aliruka chini akanipigia kelele mbele ya watu wote wa mpakani. "Mama yangu ulimpakia kama gunia la viazi, na sasa unamshusha kama gunia la viazi! Gari gani hilo linaloshindwa kufika kwa shangazi yako?" Ni kweli aliyasema, kama alivyokuandikia. Yaliniingia mpaka leo, sikufichi.

Ila kuna mambo hakukuandikia. Hakukuandikia kwamba nilivua viatu, nikajifunga kanga kiunoni, nikaweka bega langu chini ya lile jeneza. Kwetu mwanamke habebi jeneza, unajua. Mzee mmoja akafungua mdomo anikataze, akaniangalia usoni, akaufunga. Tulitembea polepole karibu saa nzima. Bega lilinivimba siku nne, nikawa siwezi kutwanga. Wala hakukuandikia kwamba sare na madaftari ya wanawe wawili yanatoka kwenye gari hilohilo. Naona wino ulimwishia.

Je, nilikosea? Huwa najiuliza nikipepeta maharage. Shangazi nilimpenda kuliko wanavyojua. Aibu ile niliibeba pamoja naye. Lakini kama Osea angevuka, leo tungekuwa na sifa ya siku moja, na watoto kumi na mmoja wanaotegemea gari lile wangekuwa wanalala na uji. Ningefanya vilevile tena.

Basi tarehe mbili Oktoba tukaenda Mbeya na fungu la mwisho. Nilivaa gauni la Krismasi na sikujali kwamba Krismasi bado. Karani akauliza kadi aandike jina la nani. Osea, ambaye hupenda kunibishia hata saa, akasema, "Andika la huyu. Ndiye aliyebeba." Nilitazama dirishani kwanza, karani asinione. Jina langu limeandikwa lote, na hawakukosea hata herufi moja.

Kesho yake tukapakia mifuko sita ya saruji ya kujengea kaburi la Shangazi, tukalipita geti la mpaka kifua mbele. Nilimwambia Osea apige honi. Akasema honi ya nini, nikamwambia piga tu. Tulisimama mlangoni kwa Zebedayo. Alitoka, akalizunguka gari mara mbili, akapiga teke tairi. Halafu akapanda nyuma, akakaa juu ya saruji, tukaenda makaburini. Siku hizi ananiamkia vizuri.

Sasa nakuja kwako. Mtu anayelipwa mshahara kila mwezi kama wewe, mkataba wa namna hii unakufaa, kwa sharti kwamba gari lifanye kazi. Likiwa la kwendea kanisani tu, litakula mshahara na kukuachia deni. Sisi jumla tulilipa shilingi elfu mbili na mia mbili zaidi ya mtu aliyenunua kwa fedha taslimu, na sisikitiki, maana gari lilizirudisha lenyewe. Weka akiba ya miezi miwili kabla hujatia sahihi. Uliza mkishindwa katikati, mnarudishiwa nini. Sisi hatukuuliza, tuliomba Mungu tu.

Na zaidi ya yote, uliza mpaka. Usicheke kama tulivyocheka sisi. Kwa kampuni ya Kitwe, nje ya nchi ni hapa. Ni nyumbani kwenu. Mama aliposikia unataka gari hakuuliza rangi wala bei. Aliuliza kama litaruhusiwa kumfikia angali hai. Nikamwambia nitakuuliza.

Osea anakusalimu sana. Boazi na wadogo zake wanamsalimu mjomba wao. Dada yetu Elizabeti naye anakusalimu, na Zebedayo pia, ameniambia mwenyewe nikuandikie. Mwambie Jenista mulishani, na mimi naendelea kujifunza Kibemba chake.

Wakikubali gari livuke, tia sahihi na Mungu akubariki. Wakikataa, weka kalamu chini, mdogo wangu, wala usione haya. Panda basi mpaka Nakonde na mkeo na watoto. Nitamweka Mama kiti cha mbele, nami nitakaa nyuma kwenye mbao, tutakuja kuwachukua.

Bwana awalinde mnapotoka na mnapoingia.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,

Yunisi